Mchezo wa Tatu Sikuucheza

Mwaka wa sitini na tatu, nikiwa na miaka kumi, ndipo taabu yangu ilipoanza. Naliweka hilo mwanzo kwa sababu watu wakija kuniuliza habari za ubingwa huanzia kwenye vikombe. Wanapiga picha kabati, wanakunywa soda yangu, wanaondoka. Kabati halikunilea mimi. Wiki iliyopita mjukuu wangu alirudi kutoka Nosy Be na kichupa cha mafuta ya langilangi, akanipaka mkononi bila kuniuliza. Nikamwambia atoke nje. Alidhani nimekasirika naye, maskini. Basi nimekaa, nimeshika kalamu, niwaeleze nyinyi wa rika langu, maana vijana hawana subira na jambo lisilo na picha.

Kiswahili nilikipata ukubwani kwa marehemu mume wangu, mtu wa Unguja. Nyumbani kwetu tulisema Kikomoro, njiani Kimalagasi cha Wasakalava, na Kifaransa kilikuwa cha shuleni, ambako sikukaa sana. Mkiona maneno yangu yamepinda, nyoosheni wenyewe.

Baba alikuwa mchochea moto kwenye kiwanda kidogo cha mafuta ya langilangi, nje ya mji, kisiwani Nosy Be. Wanawake, mama yangu akiwamo, walichuma maua alfajiri kabla jua halijayanyonya, kwenye miti iliyokatwa vichwa na kupindwa ibaki mifupi, mkono uyafikie. Maua yalimwagwa kwenye pipa kubwa la shaba lenye maji, moto chini, mvuke ukapita kwenye bomba, na mwisho wa bomba yakatona mafuta, tone, kisha tone. Moto ule hautaki haraka. Ukizidi, mafuta yananuka kuungua, ukipungua, hayatoki. Kwa hiyo kazi ya mchochea moto nusu yake ni kukaa na kutazama, na katika kukaa huko baba alifundishwa sataranji na msimamizi wake, chotara wa Reunion, ambaye hakuwa na mtu wa kucheza naye. Baada ya mwaka mmoja msimamizi akaacha kupenda mchezo. Mnaelewa kwa nini.

Kete za baba zilikuwa vizibo vya chupa za mafuta. Mfalme alikuwa kizibo kinene chenye msumari kichwani, malkia ana kifungo cha shati, farasi amechongwa kwa kisu mpaka akapata shingo, askari ni vizibo vitupu. Zile nyeusi alizipaka masizi ya chini ya pipa. Zote zilinuka langilangi, na vidole vyangu pamoja nazo. Baba hakuwa bingwa wa kuandikwa, hakuna aliyempa karatasi. Lakini manahodha waliokuja kupakia sukari walimfuata pale motoni, wakakaa juu ya kuni na suruali zao nyeupe, wakashindwa, wakarudi melini na masizi matakoni. Nilikuwa nikiwahesabu.

Sasa lazima niwaeleze jambo moja la fanorona, kwa sababu bila hilo habari yote haina miguu. Fanorona ni mchezo wa Wamalagasi, wa kete ishirini na mbili kwa ishirini na mbili, na kila mtoto wa kwetu aliucheza kwa mawe na punje za mahindi juu ya mistari iliyochorwa chini. Mimi nilifundishwa na jirani yetu wa Kisakalava, bibi tuliyemwita Dadi. Na fanorona ina desturi yake. Ukinishinda mchezo wa kwanza, na tukacheza wa pili hapo hapo, basi mchezo wa pili hauanzi sawa. Wewe mshindi unanitolea kete zako, moja baada ya moja, kumi na saba, nami nazila. Unabaki na tano. Ndipo unaanza kunipiga kwa hizo tano. Hiyo huitwa vela. Dadi alinipa vela mara nyingi kuliko alizonipa ndizi, na kila alipotoa kete alisema, "Kula, mwanangu, ushibe, halafu tuone." Mimi nilidhani ananihurumia. Niliona ni adabu ya mchezo: aliyeshinda asijishibishe peke yake.

Na baba kwenye sataranji alifanya vivyo hivyo. Alinishinda mchezo wa kwanza, kisha wa pili akaanza kwa kuweka malkia wake mbele ya askari wangu. "Chukua, usiogope." Kisha ngome, kisha ngome ya pili, kisha farasi. Akabaki na vizibo vichache, akanifunga kwa hivyo hivyo. Leo najua alikuwa anapunguza nguvu ili mtoto ajifunze, kama mtu mzima anavyokata hatua akitembea na mtoto. Wakati ule nilijua kwa yakini kwamba hiyo ni sheria. Fanorona ina vela, sataranji ina vela. Sikuuliza, maana hakuna mtoto anayeuliza kama chini ya chungu kuna moto. Baba mwenyewe nilimshinda mara moja tu, na siku hiyo hatukucheza wa pili. Aliitwa, moto ulikuwa umefifia. Kwa hiyo sikupata kumpa vela mtu yeyote kwenye sataranji, na hapakuwa na mtu wa kunisahihisha.

Baba alikufa kwa homa ya siku nne. Baada ya arobaini akaja kaka yake mama kutoka Mahajanga, Mjomba Mbaraka, fundi wa nguo. Nyinyi wa kwetu mnajua, kwa Wangazija mjomba ndiye mwenye mtoto. Baba anazaa, mjomba anaamua. Akamwambia mama, "Wadogo wawili baki nao. Huyu mkubwa nampeleka, atamsaidia mke wangu." Mama alinifungia vizibo vya baba katika kitambaa, akanipa. Nilikuwa nimemaliza miaka miwili ya shule na miezi mitatu ya wa tatu.

Mahajanga ilikuwa joto, mabati, na vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye chumvi. Tulikaa Tsaramandroso. Mkazamjomba alikuwa na meza ya chai na sambusa karibu na soko, na kazi yangu ilikuwa kumenya kamba wa sambusa tangu asubuhi mpaka vidole vikachubuka. Shule haikutajwa. Niliwaona wasichana wa rika langu wakipita na madaftari, nikawa nageukia upande wa pili, si kwa huzuni, kwa hasira. Mchana kamba walipokwisha nilitandika gunia, nikapanga vizibo, nikacheza pande zote mbili mwenyewe.

Hapo ndipo aliponikuta Mwalimu Etieni, Mfaransa mwenye kipara chekundu, aliyefundisha hesabu na kupenda sambusa za mkazamjomba. Akachuchumaa, akasogeza askari. Nikamfunga. Kesho yake akaja tena, nikamfunga. Alikuwa anacheza mchezo mmoja tu, anamaliza chai, anakimbilia darasa lake. Siku ya sita au ya saba akamwambia mkazamjomba, "Mama, huyu mtoto anasoma wapi?"

"Anasoma kamba," mkazamjomba akamjibu.

Mwalimu hakucheka. Akaeleza kwamba kuna mashindano ya sataranji ya watoto wa Mahajanga, yameandaliwa na kamati ya watu wa mji. Nchi ilikuwa mpya, kila kitu kilikuwa na kamati. Mshindi atapelekwa Tananarive, mji mkuu, shule ya bweni, kitanda na chakula na madaftari, mpaka amalize. Nililisikia hilo na kamba mkononi. Mjomba alipoambiwa alifikiri siku mbili, kisha akasema, "Na aende akajaribu, hatapoteza kitu." Akanishonea gauni la kitambaa cha buluu kilichobaki kwenye shati za mteja. Nasema na hilo pia, nisije nikaambiwa nimemficha wema wake.

Raundi za mwanzo zilikuwa mchezo mmoja mmoja. Nilimtoa mtoto wa duka la Wahindi, nikamtoa mvulana mrefu aliyekuwa akinipulizia moshi wa sigara, nikamtoa mmoja aliyelia kabla hatujaanza. Fainali ikawa Jumapili, michezo miwili, na wakilingana, wa tatu. Mpinzani wangu aliitwa Hery, miaka kumi na mitatu, soksi nyeupe. Baba yake alikuwa mtu wa nyanda za juu, mkubwa wa ofisi moja iliyoshughulika na karatasi za wageni. Na sisi Wakomoro, baada ya uhuru, tulikuwa tumelala wenyeji tukaamka wageni.

Ukumbi ulijaa. Vijana wa bandarini walikuwa wamening'inia madirishani. Mjomba alikaa mstari wa pili, kofia yake mpya kichwani.

Mchezo wa kwanza nilishinda. Haukuwa mrefu. Hery alicheza vizuri lakini alikuwa na haraka ya mtu anayetazamwa na baba yake. Mwalimu Etieni, aliyekuwa mwamuzi, akaandika ubaoni moja kwa sifuri, madirishani wakapiga miluzi, nami moyoni nikamwona mama akipewa habari. Tukanyweshwa maji. Tukapanga kete upya.

Nikaweka malkia wangu mbele ya askari wake.

Hery akamtazama malkia, akanitazama mimi, akatafuta mtego. Alitafuta muda mrefu. Hakuuona, maana haukuwapo. Akachukua. Nikampa ngome. Akachukua, taratibu, kama mtu anayeokota kitu njiani akihofia mwenyewe atatokea. Nikasogeza ngome ya pili. Hapo mkono wake ukasimama hewani.

"Hii ni nini?" akauliza kwa Kimalagasi. "Hii ni vela?"

"Ndiyo," nikasema. "Chukua, usiogope."

Ukumbi ulikuwa kimya, kwa hiyo kila mtu alisikia. Kwanza alicheka mmoja dirishani, kisha wote.

"Hery, kula! Umepikiwa!"

"Mtoto wa mkubwa analishwa kwa kijiko!"

"Na Mkomoro! Tena mwenye gauni!"

Mimi nikatabasamu nao. Mungu ni shahidi, nilidhani wamefurahi kwamba najua adabu. Hery alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni, machozi yamesimama. Nilimwonea huruma, nikamsogezea ngome ile karibu zaidi aichukue. Walicheka zaidi.

Yaliyobaki niliyaelewa miaka mingi baadaye. Dadi hakuwa akinihurumia. Vela ni aibu. Ni kumwambia mtu mbele ya watu: wewe ni mdogo kiasi kwamba nakupa karibu mali yangu yote na bado nitakupiga kwa mabaki. Wenyeji wa mchezo huifanya kwa utani, ndugu kwa ndugu, bibi kwa mjukuu. Haifanywi kwa mtoto wa mkubwa wa ofisi, ukumbini, na msichana wa watu wanaongojea karatasi.

Mwalimu Etieni hakuijua vela. Akaeleweshwa na mtu pembeni, akajikuna kipara. "Katika sataranji hakuna kitu hicho," akasema, "lakini hakuna sheria inayomkataza mtu kupoteza kete zake. Endeleeni." Tukaendelea. Nilipoteza. Nilikuwa na kete chache mno, na Hery sasa alicheza kwa hasira, na hasira humsaidia mwenye kete nyingi. Ikawa moja kwa moja. Mwalimu akaandika ubaoni: mchezo wa tatu, saa tisa. Sikuogopa hata kidogo. Mchezo wa tatu huanza sawa, na kwa kete sawa nilijua namweza.

Ndipo baba yake Hery alipoinuka. Hakupaza sauti. Alifunga kifungo cha koti lake, akauliza, "Mtoto huyu ni wa nani?"

Mjomba akasimama. Kofia ilikuwa tayari mkononi.

"Ni wa dada yangu, mzee. Baba yake amekufa. Hakufundishwa adabu. Naomba radhi."

"Sikukuomba radhi," yule mzee akasema. "Nimeuliza ni wa nani."

"Namwondoa, mzee."

"Muacheni acheze," Hery akasema. Sauti yake ilikuwa bado na machozi. "Baba, mimi nataka wa tatu. Nitampiga."

Mwalimu Etieni naye akasema, "Bwana Mbaraka, ni kungoja saa moja na nusu tu. Mtoto ana nafasi."

Nikasema, "Mjomba, ni baba ndiye aliye..."

"Nyamaza."

Akanishika kifundo cha mkono. Tukatoka kati ya viti, na watu wakatupisha, miguu wakaivuta ndani. Nje jua lilikuwa linapiga. Nilimuuliza njia nzima nimekosa nini. Tulipofika Tanambao ndipo aliponijibu, bila kunitazama: "Unajua juu ya meza ya mzee yule kuna nini? Kuna karatasi zetu. Yangu, ya mkazamjomba wako, za watoto. Na yako."

Sikulia kwa sababu ya shule. Bado sikuwa nimeelewa kwamba shule imekwenda. Nililia kwa sababu alisema baba hakunifundisha adabu, na adabu ile ndiyo pekee niliyokuwa nimeileta kutoka kwake.

Saa tisa mchezo haukuchezwa. Hery alipelekwa Tananarive. Mwalimu Etieni alikuja mara mbili mezani kutaka kuzungumza na Mjomba habari ya kuniandikisha shule ya hapo hapo mjini, hata darasa la chini, na mara zote mbili Mjomba alimkimbia kwa mlango wa nyuma. Mwaka ule ule mwalimu alihamishwa. Mimi nikarudi kwenye kamba. Na karatasi zetu? Ziligongwa mhuri mwaka uliofuata, na karani wa ofisi nyingine kabisa, aliyekuwa akila embe na hakuinua hata kichwa. Yule mzee hakuwa amezigusa.

Ubingwa mnaujua, sitaurefusha. Nikiwa na miaka kumi na sita hapakuwa na mwanamume sokoni aliyeweza kunifunga. Walikuja kutoka Ampisikina, kutoka bandarini, wakalipa chai wakaondoka. Nikachukua meza ya mkazamjomba alipozeeka, nikaifanya mgahawa. Nikawa bingwa wa mkoa, kwanza kati ya wanawake, kisha kati ya wote, na wanaume waliosema nimebahatika niliwaalika wabahatike na wao. Tananarive nilifika nikiwa na miaka thelathini na moja, kwa ndege. Nikashinda huko. Walinipa fomu ya kujaza, jina, mahali pa kuzaliwa, kiwango cha elimu. Mstari ule wa tatu niliuacha. Binti wa mezani akasema kwa upole, "Bibi, umesahau hapa." Nikamwambia sikusahau.

Hery nilikutana naye mara moja, mashindano ya mkoa, akiwa mhandisi wa barabara na tumbo lake. Nilimfunga kabla kahawa yake haijapoa. Akanipa mkono kwa heshima, akaniuliza nilisomea wapi mchezo. Hakunikumbuka. Nilitaka kumwambia, kisha nikaona nitakuwa nampa kitu kingine tena bure.

Mjomba nilimuuguza mimi. Wanawe walikuwa Ufaransa. Miaka mitatu nilimlisha, nilimnawisha uso, nilimgeuza kitandani, na miaka mitatu hakuitaja Jumapili ile. Asubuhi moja, nikimpa uji, nikamuuliza mimi. "Mjomba, kwa nini hukuniacha nicheze wa tatu?"

Alitafuna muda, na uji hautafunwi. "Ukiwa na nyumba ya watu saba," akasema, "kuna siku unatoa kete moja ili zilizobaki zipone. Wewe mchezaji unajua."

"Mchezaji hutoa ya kwake, Mjomba."

Akageuza uso ukutani. Nikasubiri. Uji ukapoa, nikaupasha tena moto, nikamlisha mpaka ukaisha. Alikufa baada ya mfungo, nami nikalipia sanda, na shughuli yake ya arobaini niliipika kwa mikono yangu, watu mia. Wakasema nimesamehe. Mtu akishiba husema lolote.

Wanaoniuliza nina nini leo, hiki hapa.

Nyumba ya mawe Tsaramandroso, vyumba sita. Nyumba mbili za bati Tanambao, nimezipangisha. Mgahawa mmoja, meza kumi na moja, friza tatu, moja mbovu. Gari la mizigo, la zamani, linawaka. Kaburi la mama Nosy Be, nimelijengea ukuta. Vikombe tisa vya sataranji, vya fanorona hakuna, sichezi. Watoto wanne, wote wamemaliza chuo: mmoja daktari, mmoja hakimu, wawili walimu. Wajukuu kumi na mmoja, hakuna anayemenya kamba.

Shule: miaka miwili na miezi mitatu.